Wakili, Mhasibu na Msanifu Majengo: Wataalamu Wanaotawala Koleji za Makazi za Australia

Pembezoni mwa Chuo Kikuu cha Sydney na Chuo Kikuu cha Melbourne, nchini Australia, yako majengo ya mawe yenye minara na nyua za majani mabichi ambayo mgeni akiyaona hudhani ni sehemu ya chuo kikuu chenyewe, ilhali mengi kati yake ni ya taasisi zinazojitegemea, kila moja ikiwa na mali zake, watumishi wake, sheria au katiba yake, na baraza lake la utawala. Taasisi hizo ndizo koleji za makazi. Wanafunzi huishi humo, hula humo, na jioni hupata humo humo masomo ya ziada kutoka kwa wakufunzi wanaolala chini ya paa moja nao, lakini mihadhara, mitihani na shahada ni kazi ya chuo kikuu. Koleji moja huwa na wanafunzi kati ya mia mbili na mia nne hivi, na ada ya mwaka, ikijumuisha chumba na chakula, huvuka dola 20,000 za Australia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kulitenga jambo hili na mabweni anayoyafahamu. Lumumba Hall na Mary Stuart Hall za Makerere, au mabweni ya Mlimani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yana majina makubwa, historia na hata ushabiki wa wakazi wake, lakini ni mali ya chuo kikuu, na mambo yake huamuliwa na uongozi wa chuo hicho, ambao juu yake liko baraza moja la chuo kizima. Paa la bweni likivuja, suala hilo huingia katika bajeti ya chuo na kusubiri zamu yake. Koleji ya makazi haina mkubwa wa kumpelekea paa lake: fedha ya kulitengeneza itatoka katika mfuko wa koleji yenyewe, na wanaobeba dhamana ya mfuko huo mbele ya sheria ni wajumbe wa baraza la utawala, watu kumi au kumi na watano ambao kwa kawaida hawaishi hapo, wana ajira zao mjini, na hukutana mara chache kwa mwaka.

Mpangilio huu ulitokana na historia ya dini katika makoloni ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Sydney kilipoanzishwa mwaka 1850, waanzilishi wake walikusudia kisifungamane na dhehebu lolote, nayo makanisa, yakihofia vijana wao wangesoma pasipo malezi ya kiroho, yakapewa nafasi ya kujenga koleji kandokando yake. Bunge la koloni la New South Wales likazitungia koleji hizo sheria moja moja: ya St Paul's, ya Waanglikana, mwaka 1854, ya St John's, ya Wakatoliki, mwaka 1857, na ya St Andrew's, ya Wapresbiteri, mwaka 1867. Huko Melbourne serikali ilitenga ardhi upande wa kaskazini wa chuo kwa madhehebu manne, ambapo Trinity ya Waanglikana ilifungua milango mwaka 1872, Ormond ya Wapresbiteri mwaka 1881, Queen's ya Wamethodisti mwishoni mwa miaka ya 1880, na Newman ya Wakatoliki mwaka 1918. Wanawake nao walipata Janet Clarke Hall mwaka 1886, ikiwa chini ya Trinity, na Women's College ya Sydney mwaka 1892, ambayo haikufungwa na dhehebu lolote.

Kwa kuwa koleji nyingi zilizaliwa na makanisa, mabaraza yake yalijaa watu wa makanisa. Sheria ya St John's ya mwaka 1857, kwa mfano, ilitaka baraza liwe na wajumbe 18 pamoja na mkuu wa koleji, na sita kati ya wajumbe hao wawe mapadri. Viti vilivyobaki katika koleji za namna hii vilielekea kuchukuliwa na wanafunzi wa zamani, watu waliokuwa na mapenzi ya dhati kwa koleji yao na kumbukumbu za ujana wao ndani yake. Mfumo huo ni tofauti na ule wa Oxford, ambako tangu Walter de Merton alipoiandikia koleji yake kanuni mwaka 1264, mamlaka yamekuwa mikononi mwa wanazuoni wa koleji wenyewe. Koleji za Australia hazina kundi kubwa la wanazuoni wa kudumu wa kujitawala, na ndiyo sababu zilimhitaji mtu wa nje tangu mwanzo. Kilichobadilika ni aina ya mtu anayehitajika. Siku hizi anayetafutwa ni mtaalamu, yaani mtu mwenye taaluma aliyoisomea na kuifanyia kazi nje ya koleji: wakili, mhasibu, mhandisi, daktari, msanifu majengo, au mtu aliyebobea katika usimamizi wa rasilimali watu.

Sababu ya kwanza ya mabadiliko hayo inaonekana kwenye kuta. Jengo la Newman lilisanifiwa na Walter Burley Griffin pamoja na mkewe Marion Mahony Griffin, wasanifu waliochora pia ramani ya mji mkuu wa Canberra, na kuta zake zilijengwa kwa jiwe la mchanga la Barrabool, kutoka karibu na mji wa Geelong. Jiwe hilo ni laini. Mvua na upepo hulila taratibu, uso wake huchubuka na kumomonyoka, kisha maji hupenya kwenye nyufa na kukifikia kile ambacho jicho halikioni. Mjumbe asiye na ujuzi hutembea kwenye korido zenye matao akaona uzuri tupu, lakini msanifu majengo aliyezoea kazi za urithi hutazama mahali unga wa jiwe umeanguka sakafuni, huuliza jiwe la kubadilishia litatoka machimbo gani na nani atalichonga, na hujua kwamba ukarabati ukiahirishwa miaka mitano gharama haibaki palepale. Jengo la kihistoria, isitoshe, halibomolewi wala kubadilishwa hivihivi, kwa kuwa sheria za urithi huhitaji vibali na huweka masharti juu ya namna ya kulitengeneza. Baraza lisilo na hata mtu mmoja anayeelewa mambo haya hulazimika kumwamini kila mkandarasi anayeleta makadirio.

Sababu ya pili ni hesabu, ambazo kwa koleji zina ugumu wake wa pekee. Ichukuliwe kwa mfano koleji yenye vyumba 300, kila kimoja kikilipiwa dola 30,000 kwa mwaka, yaani mapato ya dola milioni tisa. Vyumba ishirini vikikosa wakazi, dola 600,000 hupotea, lakini wapishi hawapunguzwi kwa sababu ya sahani ishirini, mlinzi wa usiku ni yuleyule, na maji ya moto hupita katika mabomba yaleyale. Sehemu kubwa ya gharama haishuki pamoja na idadi ya wanafunzi, na kwa hiyo pengo dogo la wakazi hula ziada yote ya mwaka. Wakati wa likizo koleji hupangisha vyumba na kumbi kwa mikutano na wageni ili kuziba pengo hilo, na mwaka 2020, janga la UVIKO lilipozuia safari na mikutano, zile zilizotegemea sana mapato hayo zilijikuta hatarini.

Kando ya fedha za uendeshaji upo wakfu, yaani mali iliyotolewa na wafadhili ili mtaji wake utunzwe na faida yake itumike. Hapa ndipo mhasibu mwenye uzoefu huwa wa thamani kubwa, kwa sababu hesabu zinaweza kuonyesha kwamba koleji ina mamilioni, ilhali sehemu kubwa ya mamilioni hayo ilitolewa kwa sharti la kuwalipia karo wanafunzi wa vijijini au kununua vitabu, na haiwezi kugusa paa wala mishahara. Swali lake la kwanza mezani huwa rahisi: kati ya fedha hizi, zipi baraza lina uhuru wa kuzitumia? Koleji inayochanganya mafungu hayo inavunja ahadi iliyowekwa na mtu ambaye pengine amekwisha kufariki na hawezi kujitetea, na hilo ni kosa la uaminifu kabla ya kuwa kosa la kihasibu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu usalama wa vijana wenyewe. Mwaka 2012 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika St John's alilazwa hospitalini baada ya kunywa mchanganyiko wenye madhara katika mojawapo ya zile desturi za kuwatia adabu wanafunzi wapya, desturi ambazo waliosoma shule za bweni za Kenya na Tanzania watazitambua bila kuelezwa sana. Mvutano kuhusu adhabu kwa wahusika ukaligawa baraza, hata Kadinali George Pell, Askofu Mkuu wa Sydney wakati huo, akawataka mapadri waliokuwa wajumbe wajiuzulu. Sheria ya mwaka 1857 ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya jamii nyingine kabisa, na ilichukua hadi mwaka 2018 kupatikana sheria mpya ya koleji hiyo. Mwaka 2017 yakaja mambo mawili makubwa. Tume ya Haki za Binadamu ya Australia ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika vyuo vikuu vya nchi, ikaonyesha kwamba asilimia 51 ya wanafunzi walikuwa wamepata unyanyasaji wa kijinsia wa namna fulani walau mara moja mwaka 2016, na makazi ya wanafunzi yakatajwa miongoni mwa sehemu zinazohitaji hatua za haraka. Mwaka huohuo ikatoka tathmini ya utamaduni wa koleji za Sydney iliyoongozwa na Elizabeth Broderick, aliyewahi kuwa Kamishna wa taifa wa masuala ya ubaguzi wa kijinsia.

Ni vigumu kuyasoma matukio hayo bila kujiuliza ilikuwaje mabaraza yaliyojaa watu wema na waliosoma yasione mapema kilichokuwa kikiendelea ghorofani. Jibu moja, ambalo makala hii inalishikilia, ni kwamba mjumbe aliyelelewa na koleji huiona kwa macho ya upendo. Mambo aliyotendewa akiwa na miaka kumi na minane ameyasamehe zamani, na mengine ameyageuza kuwa hadithi za kuchekesha kwenye karamu za wahitimu, hivyo yanapomtokea kijana wa leo huyapima kwa kipimo cha ujana wake. Mtaalamu asiye na historia na koleji hana deni hilo la moyo. Ustadi wake wa sheria au fedha una faida, ndiyo, lakini wakili anaweza kukodiwa na mkaguzi wa hesabu akalipwa. Jicho lisilo na ukaribu halinunuliwi kwa njia hiyo, kwa sababu mtu anayelipwa na koleji ana sababu ya kuiridhisha.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha tofauti. Katika makabrasha ya mkutano huwemo taarifa ya malalamiko, na mara nyingine taarifa hiyo husema kwamba katika muhula mzima hakukuwa na lalamiko hata moja la unyanyasaji. Mjumbe mwenye mapenzi hufurahi na kufungua ukurasa unaofuata. Daktari aliyefanya kazi katika idara ya dharura, au mtaalamu wa rasilimali watu aliyewahi kuchunguza mashauri kazini, husimama hapohapo, kwa sababu anajua kwamba nyumba yenye vijana mia tatu, pombe na usiku mrefu haikosi tukio, na kwamba sifuri humaanisha mara nyingi kuwa hakuna anayethubutu kusema. Atauliza mwanafunzi aliyeumizwa saa nane za usiku humpigia nani. Kama anayepokea simu hiyo ni mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa tatu, amefunzwa na nani. Na kama mtuhumiwa ni kiongozi wa wanafunzi, taarifa hupita njia gani hadi kumfikia mkuu wa koleji bila kupitia mikononi mwa mtuhumiwa huyo. Sheria za Australia sasa zinamuunga mkono anayeuliza hivyo, kwani tangu Februari 2025 wanafunzi wa elimu ya juu wana mchunguzi wao wa kitaifa wa malalamiko, na kanuni ya kitaifa ya kuzuia na kushughulikia ukatili wa kijinsia katika elimu ya juu inayagusa pia makazi ya wanafunzi.

Kutokana na hoja hiyo ya jicho lisilo na ukaribu, utaratibu unaopendwa sasa wa kujaza viti unastahili kuangaliwa kwa makini. Mabaraza mengi hutumia jedwali la stadi, yaani orodha ya maeneo yanayohitajika, kama vile sheria, fedha, majengo, afya, elimu na uchangishaji, ikilinganishwa na wajumbe waliopo ili kuona pengo liko wapi. Jedwali ni chombo kizuri, lakini linaweza kutimizwa kwa kumchukua wakili aliyesoma hapo, mhasibu aliyesoma hapo na mhandisi ambaye baba yake alisoma hapo, na mwishowe baraza likawa na kila taaluma huku likibaki na jicho moja. Koleji inayofanya hivyo imekosa nusu ya ilichokitafuta. Wahitimu wana haki ya kuwemo, kwa kuwa ndio wanaobeba kumbukumbu za taasisi na ndio wafadhili wake wakubwa, lakini wasiwe wengi kiasi kwamba mgeni aonekane mkosefu wa adabu anapouliza.

Mtaalamu naye ana hatari zake. Aliyezoea kuendesha kampuni huwa na hamu ya kushika usukani, ilhali kazi ya baraza ni kutawala, na kuendesha koleji siku hadi siku ni kazi ya mkuu wa koleji na watumishi wake. Kutawala maana yake ni kumteua mkuu huyo, kupima kazi yake, kupitisha bajeti, kuweka sera na kusimamia vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuiangusha taasisi. Hakujumuishi kumwelekeza mpishi kuhusu chakula wala kumpigia simu mhasibu wa koleji bila mkuu kujua. Wakili aliye mjumbe si wakili wa koleji, na maoni anayoyatoa mezani hayapaswi kuchukuliwa kuwa ushauri rasmi wa kisheria. Na kampuni yake ikiomba zabuni ya koleji, huo ni mgongano wa maslahi: hana budi kuutangaza, uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, naye atoke chumbani wenzake wanapoamua.

Iko pia hatari isiyoandikwa katika kanuni. Katika miji mikubwa ya Australia yamechipuka majengo ya kibiashara ya vyumba vya wanafunzi, yanayomilikiwa na wawekezaji, na mtaalamu wa majengo au fedha hujikuta akiilinganisha koleji na biashara hizo: mapato kwa kila kitanda, gharama kwa kila mlo. Kwa mizani hiyo wakufunzi wa jioni ni hasara, maktaba inachukua nafasi ya vyumba vinne, na ufadhili kwa mwanafunzi wa asili ya Waaborijini ni kitanda kisichoingiza fedha. Hapo wahitimu na watu wa kanisa wanayo kauli ya maana kuliko mtu yeyote, kwa sababu wanajua kwamba vitu hivyo ndivyo vilivyofanya wafadhili watoe mali zao, na kwamba koleji iliyoviondoa haina sababu ya kuombewa msamaha wa kodi wala mchango.

Kwa mtaalamu anayealikwa, wakiwemo Waafrika Mashariki waliojijengea kazi zao huko, uamuzi wa kukubali hauanzi na heshima ya cheo. Kwa kawaida kazi hii haina posho. Muda wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwani nyuma ya kila mkutano wa baraza kuna kamati ya fedha na ukaguzi, kamati ya majengo au kamati ya uteuzi, pamoja na makabrasha yanayochukua jioni nzima kuyasoma. Koleji nyingi zimesajiliwa kuwa mashirika ya hisani chini ya tume ya taifa ya mashirika hayo, iliyoanza kazi Desemba 2012, na viwango vya tume hiyo vinawataka wajumbe watende kwa uangalifu na nia njema, watangaze maslahi yao, na wasiiache taasisi iendelee kufanya kazi ikiwa haina uwezo wa kulipa madeni yake. Kwa hiyo mwenye busara huomba kwanza hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, katiba au sheria ya koleji, hati ya bima inayowakinga wajumbe, na taarifa ya mwisho ya hali ya majengo. Huzungumza na mwenyekiti peke yake na mkuu wa koleji peke yake, kisha huangalia kama maelezo yao yanakubaliana.

Aombe pia kula chakula cha jioni katika ukumbi wa wanafunzi, na baada ya kuteuliwa aendelee kufanya hivyo mara kwa mara. Mabaraza kadhaa humpa kiti kiongozi wa wanafunzi, kijana wa miaka ishirini ambaye atakuwepo kwa mwaka mmoja tu, ambaye kati ya majoho, suti na lugha ya kanuni huweza kukaa mkutano mzima bila kufungua kinywa. Huyo ndiye mjumbe pekee aliyelala kolejini usiku uliotangulia. Mtaalamu mgeni ana nafasi nzuri ya kumuuliza jambo kwa jina lake, mbele ya wote, na kusubiri jibu hadi lipatikane, hata kama ajenda ni ndefu na mwenyekiti ameanza kuitazama saa.